Sifa Isiyo na Shahidi: Namna ya Kumfuatilia Mhusika wa Tamthilia

Mazungumzo haya yanahusu uchambuzi wa wahusika katika tamthilia, yaani utungo ulioandikwa kwa majibizano ili uigizwe jukwaani, na yamekusudiwa walimu wa fasihi ya Kiswahili pamoja na wanafunzi wao wa sekondari. Miongoni mwa maswali yaliyozoeleka katika mitihani ya fasihi ni lile linalomtaka mtahiniwa aeleze sifa na umuhimu wa mhusika fulani, na jibu linaloandikwa na wengi limezoeleka vilevile: jina la mhusika hutajwa, kisha hufuata orodha ya sifa, kwamba ni jasiri, ana tamaa, ana mapenzi ya dhati, ni mtetezi wa haki, zote zikiwa zimekaririwa kutoka kwenye mwongozo ambao huenda mwanafunzi ameusoma kwa bidii kuliko tamthilia yenyewe. Orodha ya namna hiyo, hata inapokuwa sahihi, haijawa uchambuzi, kwa sababu sifa ya mhusika wa tamthilia haina uzito mpaka ijulikane imejitokeza wapi katika mchezo, mbele ya nani, na kwa ushahidi wa nani. Sifa isiyo na shahidi ni uvumi tu, na mtahini hatoi alama kwa uvumi.

Ugumu wa kazi hii unatokana na umbo la tamthilia lenyewe. Katika riwaya na hadithi fupi huwapo msimulizi, ile sauti inayomweleza msomaji mhusika ni mtu wa namna gani, anawaza nini akiwa peke yake, na alilelewa wapi, hivyo kwamba sehemu kubwa ya kazi ya kumfahamu mhusika hufanywa na msimulizi kabla msomaji hajajishughulisha. Tamthilia kwa kawaida haina sauti hiyo. Kilichopo ni maneno ya wahusika wenyewe na maelekezo ya jukwaani, yaani yale maelezo mafupi ya mwandishi, mara nyingi katika mabano au maandishi ya mlazo, yanayoeleza mandhari, mavazi, mwendo na namna neno linavyotamkwa. Msomaji wa tamthilia kwa hiyo yuko katika hali ya mzee wa baraza anayesikiliza shauri: anawasikia wadai, wadaiwa na mashahidi, kila mmoja akisema lake na kila mmoja akiwa na maslahi yake, na hakuna anayemnong'oneza sikioni nani anasema kweli. Mwanafunzi asiyetambua hali hiyo huyachukua maneno yote ya mchezo kwa uzito mmoja, akaandika kuwa mhusika ni msaliti kwa kuwa adui yake amemwita hivyo.

Ushahidi juu ya mhusika huja kwa njia kadhaa, na njia hizo hazilingani kwa nguvu. Iliyo na nguvu kuliko zote ni tendo, hasa tendo la kuchagua, pale mhusika anapokuwa na njia mbili na kila njia ina gharama yake. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki aliyeishi katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alipoandika juu ya tanzia aliuweka mpangilio wa matendo mbele ya tabia, akiona kwamba tabia hudhihirika katika kile ambacho mtu anakichagua au kukikataa. Mfano mzuri unapatikana mwanzoni mwa tamthilia ya Kigogo ya Pauline Kea, iliyotoka mwaka 2015 na kutahiniwa kwa miaka kadhaa nchini Kenya, ambamo wachongaji wa vinyago wanaletewa keki ya sherehe za uhuru na Kenga, mshauri wa mtawala Majoka. Boza anaipokea, Sudi anaikataa. Keki ni ile ile, aliyeileta ni yule yule, karakana ni ile ile, na katika tofauti ya mikono miwili, mmoja ulionyooshwa na mmoja uliozuiliwa, hadhira inapata habari za watu hawa ambazo hotuba ndefu isingezitoa kwa uwazi huo. Mwanafunzi anayeandika kwamba Sudi ana msimamo ameandika kweli, lakini anayeandika kwamba msimamo wa Sudi unaonekana kwanza katika kukataa kula, kabla ya kuonekana katika kukataa kuchonga kinyago ambacho utawala unakitaka, ameanza kuchambua.

Njia ya pili ni maneno ya mhusika mwenyewe, ambayo yanahitaji kupimwa kwa kuangalia anamwambia nani. Mtu akizungumza na mkubwa wake husema lugha moja, akizungumza na mkewe husema nyingine, na akibaki peke yake jukwaani akazungumza na nafsi yake, hali ambayo wataalamu wa fasihi huiita uzungumzi nafsia, husema yale ambayo hana sababu ya kuyaficha. Pale lugha hizo tatu zinapotofautiana ndipo penye mavuno ya mchambuzi. Njia ya tatu ni maneno ya wengine juu ya mhusika, ambayo ni ushahidi wa pande mbili, kwa kuwa yanamfichua anayesema sawasawa na anayesemwa: kejeli ambazo Boza anamrushia Sudi zinaeleza machache kuhusu Sudi na mengi kuhusu Boza. Njia ya nne, inayosahauliwa mara nyingi, ni kimya. Msomaji wa kitabu humwona mhusika pale tu jina lake linapotangulia mstari, ilhali mtazamaji ukumbini humwona muda wote aliopo, akisikiliza, akigeuza uso, akitoka bila kuaga, na mara nyingine anayenyamaza wakati wengine wanapiga kelele ndiye ambaye tukio zima linamhusu.

Jina nalo ni ushahidi, ingawa linahitaji tahadhari. Waandishi wengi wa Kiswahili hutumia majazi, yaani mbinu ya kumpa mhusika jina linaloafikiana na tabia au hali yake, na jina Majoka kwa mtawala mkandamizaji halihitaji ufafanuzi mrefu. Kuna waandishi wanaofanya kinyume, wakamnyima mhusika jina ili abaki na cheo peke yake, kama Timothy Arege alivyofanya katika Mstahiki Meya ya mwaka 2009, ambamo madiwani wanatambulishwa kwa namba, Diwani wa I, wa II na wa III. Hata hivyo jina hueleza mhusika anavyoingia jukwaani, wala halitoi ahadi ya namna atakavyotoka. Anayetosheka na jina amesoma kibao cha dukani bila kuingia ndani kuona kinachouzwa.

Mbinu inayofaa kwa kukusanya ushahidi wa aina hizi ni daftari la wahusika, ambalo halina gharama zaidi ya karatasi na rula. Kila mhusika aliye muhimu hupewa kurasa zake, na kila ukurasa hugawanywa katika safu tano. Safu ya kwanza hurekodi mahali, yaani sehemu au tendo, onyesho na ukurasa wa kitabu. Ya pili hurekodi kile mhusika alichokifanya au kukisema hapo, kwa maneno machache. Ya tatu hurekodi waliokuwepo na waliyoyasema juu yake. Ya nne hurekodi anachokitaka wakati huo, kwa kuwa mhusika wa tamthilia daima anataka kitu, na mgogoro, yaani mvutano unaousukuma mchezo mbele, huzaliwa pale matakwa ya wawili yanapokutana mlangoni na mlango ni mwembamba. Safu ya tano huachwa wazi wakati wa usomaji wa kwanza, na hujazwa katika usomaji wa pili kwa kujibu swali moja tu: je, huyu ni yule yule wa ukurasa uliopita, au kuna kilichobadilika, na kama kimebadilika, nini kimekibadilisha? Neno la sifa halipewi safu yoyote, na limeachwa kwa makusudi, kwa sababu mwanafunzi akiruhusiwa kuandika sifa mapema huacha kutazama. Sifa hutungwa mwishoni kutokana na safu zilizojazwa, kama hukumu inavyotolewa baada ya mashahidi kwisha.

Thamani ya daftari hilo inaonekana vizuri zaidi linapotumiwa kwa mhusika mgumu, na katika tamthilia ya Kiswahili ni wachache walio wagumu kuliko Kinjeketile, mhusika mkuu wa tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyochapishwa mwaka 1969 kwa jina hilohilo. Tamthilia hiyo inatokana na Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, ambapo watu wa kusini mwa nchi ambayo leo ni Tanzania walipigana na utawala wa Wajerumani wakiamini kwamba maji ya dawa yangewakinga na risasi. Jambo la kwanza linalopaswa kuandikwa daftarini, hata kabla ya ukurasa wa kwanza wa majibizano, ni tofauti kati ya mhusika na mtu wa historia. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa na Wajerumani mwezi wa Agosti 1905, siku chache tu baada ya vita kuanza, ilhali Kinjeketile wa jukwaani anaendelea kuishi mpaka baada ya wapiganaji kushindwa, na mwandishi mwenyewe ametanguliza maelezo kwamba mhusika wake ni zao la ubunifu. Mwanafunzi anayechukua habari kutoka kitabu cha historia na kuzibandika kwa mhusika amemwita shahidi ambaye hakuwepo kwenye tukio.

Baada ya hapo safu zinaanza kujazwa, na kinachojitokeza si mtu mmoja mwenye sifa tano bali mtu anayepita katika hali kadhaa. Hadhira inamsikia Kinjeketile kabla ya kumwona, kupitia mazungumzo ya wanawake, mmoja wao akiwa mke wake, na kinachosikika ni habari za mtu aliyejitenga, mtu ambaye hata walio karibu naye hawamwelewi sawasawa. Kisha anaingia mtoni akiwa amechukuliwa na Hongo, mzimu wa majini, anatoka akiwa na ujumbe wa umoja na maji ya kinga, na makabila ambayo muda mfupi uliopita yalikuwa yakitiliana shaka yanakuwa kitu kimoja mbele yake. Mwanafunzi akisimamisha kalamu hapo ataandika kwamba Kinjeketile ni nabii na kiongozi mwenye mvuto, na hatakuwa amekosea, ila atakuwa ameandika habari za theluthi ya mchezo.

Katika ujumbe wake akiwa amepagawa limo neno linalosema kwamba baada ya ushindi watu watakuwa watoto wa Seyyid Said, na neno hilo linapaswa kupata mstari wake katika daftari, kwa sababu juu yake mhusika mzima anageuka. Seyyid Said, Sultani wa Oman na Zanzibar, alifariki mwaka 1856, karibu nusu karne kabla ya vita vyenyewe, na kutajwa kwake ni kutajwa kwa utawala mwingine wa wageni. Kinjeketile anapoirudia kauli hiyo kwa akili yake mwenyewe anagundua kwamba imewaahidi watu kutoka katika mikono ya bwana mmoja na kuingia katika mikono ya bwana mwingine, na shaka inamwingia: kama Hongo alidanganya katika hilo, ni nani atakayethibitisha kwamba hakudanganya katika maji? Tangu hapo anakuwa mtu ambaye neno lake limemponyoka, limekua likampita kimo, na watu wanaomfuata hawamfuati tena yeye bali wanalifuata neno. Safu ya nne ya daftari, ile ya anachokitaka mhusika, inaonyesha kinyume kinachoumiza: mwanzoni anataka watu waamini, baadaye anataka wasubiri, na imani aliyoipanda mwenyewe ndiyo inayomnyima subira yao.

Kando yake anasimama Kitunda, aliyekabidhiwa uongozi wa wapiganaji, na hapa inafaa kuelezwa kwamba mwandishi wa tamthilia mara nyingi humweka mhusika mmoja karibu na mwingine ili tofauti zao zimulikane, kama rangi mbili zinavyoonekana vizuri zikishonwa katika kanga moja. Kitunda anawaza kwa hesabu ya watu na silaha, Kinjeketile anawaza kwa hesabu ya neno na maana yake. Katika sehemu ya mwisho, wawili hao wakiwa mikononi mwa Wajerumani, Kitunda anamsihi mwenzake atamke kwamba maji yalikuwa uongo, na Kinjeketile, yule yule ambaye shaka ilimla katikati ya mchezo, anakataa, kwa hoja kwamba kukiri huko kungewafanya watoto wa kesho waambiwe kuwa baba zao walipigana kwa ajili ya uongo. Orodha ya sifa haiwezi kulibeba tendo hilo. Si ujasiri mtupu, kwa kuwa anayekataa anajua alichokuwa na shaka nacho, wala si uongo mtupu, kwa kuwa anachokilinda si maji tena bali ni sababu ya watu kupigana. Daftari lenye kurasa za wahusika hawa wawili zikiwa zimewekwa bega kwa bega humwonyesha mwanafunzi mahali hasa ambapo mgeuko ulitokea, na humpa lugha ya kuueleza.

Istilahi za aina za wahusika zifundishwe baada ya kazi hiyo, si kabla yake. Mwingereza E. M. Forster, katika mihadhara yake juu ya riwaya iliyochapishwa mwaka 1927, aliwagawa wahusika katika makundi mawili ambayo Kiswahili kinayaita wahusika bapa, wasiobadilika tangu mwanzo hadi mwisho, na wahusika duara, ambao wanabadilika kwa namna inayosadikika. Vitabu vya Kiswahili huongeza kundi la tatu, wahusika shinda, walio katikati ya makundi hayo. Mwanafunzi mwenye daftari hahitaji kukariri nani ni bapa na nani ni duara, kwa sababu safu ya tano imekwisha kumjibu: ikiwa tupu, mhusika ni bapa, ikiwa imejaa, ni duara. Aidha, istilahi hizo hazina hukumu ndani yake, kwa maana mhusika bapa anaweza kuwa kazi bora ya sanaa, na mabadiliko ya ghafla yanaweza kuwa udhaifu wa mwandishi. Kenga wa Kigogo, ambaye kwa sehemu kubwa ya mchezo ni mkono wa kuume wa Majoka, mwishoni anamwacha na kwenda upande wa umma, na mwanafunzi anastahili kuulizwa kama kurasa zilizotangulia zina dalili za mgeuko huo, au kama Kenga amebaki yule yule anayetazama upepo unaelekea wapi, na kilichobadilika ni upepo tu.

Mbinu hii inawezekana hata katika darasa lenye wanafunzi wengi na nakala chache za kitabu. Darasa hugawanywa katika vikundi, kila kikundi kikabidhiwa mhusika mmoja wa kumfuatilia, na kila onyesho linaposomwa kwa sauti, kikundi huinua mkono pale mhusika wake anapotenda, anaposemwa au anaponyamaza. Mwisho wa sehemu, vikundi hubadilishana madaftari, na hapo ndipo hugundua kwamba tukio moja limeandikwa kwa namna mbili, kwa kuwa waliomfuata mtawala wameliona kwa macho ya mtawala na waliomfuata mtawaliwa wameliona kwa macho yake. Zoezi la pili ni kiti cha maswali: mwanafunzi mmoja huketi mbele ya darasa kama Kitunda, na wenzake humwuliza kwa nini alimsihi Kinjeketile akane maji, naye hujibu kwa nafsi ya kwanza, ila kwa sharti kwamba kila jibu lionyeshewe ukurasa linakotoka. Zoezi la tatu ni mstari uliochorwa sakafuni, upande mmoja ukiwa imani na upande wa pili shaka, na mwanafunzi anayemwakilisha mhusika husogea kila onyesho linapokwisha, huku darasa likimtaka aeleze kwa nini amesogea hatua mbili na si moja. Maneno yaliyoandikwa kwa ajili ya miili ya watu hufahamika upesi zaidi yanaporudishwa kwenye miili ya watu.

Wakati wa kuandika jibu unapofika, aya moja ya mhusika huhitaji mambo manne kwa mfuatano: sifa, mahali ilipojitokeza, maelezo ya namna tukio hilo linavyoithibitisha, na athari yake kwa mgogoro wa mchezo. Kwa Ngoswe, karani wa sensa katika tamthilia ya Edwin Semzaba ya Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe, mwanafunzi asiishie kuandika kwamba ni mzembe, jambo ambalo jalada la kitabu limekwisha kumsaidia, bali aonyeshe kwamba alifika kijijini akiwa mtumishi mwenye jukumu la taifa zima mkononi, kwamba mapenzi yake kwa Mazoea, binti wa mwenyeji wake Mitomingi, yaliibadilisha safari ya kazi kuwa safari ya kutoroka, na kwamba karatasi za sensa zilipoishia motoni, aliyezichoma alikuwa baba aliyejeruhiwa. Aya hiyo inamchambua Ngoswe na Mitomingi kwa pamoja, na inaonyesha kwamba msemo wa kumwachia Ngoswe mambo yake haufai tena pale mambo yake yanapokuwa hesabu ya nchi nzima.

Yapo malalamiko kwamba utaratibu huu unakula muda wa mtaala, na malalamiko hayo yana msingi, maana kujaza safu tano kwa wahusika kumi ni kazi ya majuma kadhaa. Jibu lake ni kupunguza idadi ya wahusika bila kupunguza safu: wahusika watatu waliofuatiliwa kikamilifu humfundisha mwanafunzi namna ya kuwasoma saba waliobaki, ilhali sifa za wahusika kumi zilizokaririwa hazimfundishi kuisoma tamthilia ya mwaka unaofuata, ambayo itakuwa nyingine. Na itakuwepo siku ambayo wanafunzi wawili wenye madaftari yaliyojazwa sawasawa, ukurasa kwa ukurasa, watatofautiana juu ya Kinjeketile katika sehemu ile ya mwisho, mmoja akimwona mkaidi aliyewatoa watu mhanga kwa ajili ya neno, na mwingine akimwona mzazi anayewalinda ambao hawajazaliwa. Mwalimu hana haja ya kuamua kati yao. Atawaambia wote wawili wafungue kitabu, waonyeshe mstari, na waendelee kubishana.